Pilipili ya Chungu Kimoja

Wahenga wa mwambao wameacha swali ambalo aghalabu hujibiwa kwa kunyamaza: pilipili usoila yakuwashiani? Ni methali ya kumkanya mdaku. Ajitiaye katika yasiyomhusu huulizwa hivyo, naye hujikunyata. Lakini chini ya karipio hilo mna mafundisho mazima ya maadili: kwamba kila mja ana ulimi wake, kila ulimi una sahani yake, na mwasho hauvuki mpaka wa kinywa kilichoutaka. Mafundisho hayo ni mazuri, na mara nyingi ni ya kweli. Hata hivyo iko meza ambayo methali ikifika hapo hukwama, na yafaa meza hiyo itazamwe kwa utulivu.

Meza yenyewe ni ya mkahawa wa kawaida, usio na fahari yoyote, katika mji wa Chengdu, makao makuu ya jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa China. Chakula kinacholiwa hapo huitwa mala xiangguo. Neno ma ni ganzi, la ni ukali wa pilipili, na xiangguo ni chungu kinukiacho vizuri. Aingiaye hupewa bakuli na koleo, akaelekezwa kwenye majokofu: mashina ya yungiyungi yenye matundu, mbatata zilizokatwa nyembamba, uyoga wa namna kadha wa kadha, koliflawa, tofu, ngisi, kamba, mayai ya tombo, nyama ya ng'ombe iliyochanwa kama karatasi. Achague apendacho. Bakuli hupandishwa kwenye mizani, mboga kwa bei yake na nyama kwa bei yake. Kisha huulizwa swali moja: ukali kiasi gani? Jibu lake ni fupi: kidogo, wa kati, au wa kupindukia.

Baada ya hapo karai huinjikwa. Mafuta hutiwa pilipili kavu nyekundu, tangawizi, thomu, mdalasini, maharage yaliyovundikwa pamoja na pilipili, na huajiao, lile ganda dogo linalotia ganzi. Huajiao si pilipili wala si pilipili manga. Mti wake ni wa ukoo wa mlimau na mchungwa, na ni ndugu wa karibu wa mjafari, ambao watu wa Afrika Mashariki huuchemsha kuwa dawa. Vyote hukaangwa pamoja bila mchuzi, ndiyo maana wengi hukiita chakula hiki chungu kikavu. Huletwa katika bakuli moja kubwa, kila mtu na vijiti vyake na wali wake. Kila kilichomo kimepimwa kwa gramu, isipokuwa kile kitakachowasha. Hicho kimepimwa kwa neno la mtu mmoja aliyesimama mbele.

Hapana budi kwanza kuuliza mwasho huo ni kitu gani. Si ladha, kama utamu au chumvi zilivyo ladha. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilionyesha kwamba kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, hugusa kipokezi kile kile cha mishipa ya fahamu kinachopeleka habari za joto liunguzalo. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Huajiao nayo ina njia yake. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapaka watu huajiao midomoni, wakakuta kwamba mtekenyo wake hulingana na mtetemo wa mara 50 hivi kwa sekunde. Basi anayekula chungu hiki hupokea habari ya moto usiokuwapo na ya mtikisiko usiokuwapo. Haungui, lakini anaumia kweli.

Kwa nini basi maumivu hayo yanunuliwe kwa fedha? Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin, aliyewachunguza walaji wa pilipili kwa miaka mingi, aliona kwamba raha yao hutokana na mwili kupiga kelele ilhali akili inajua kuwa hapana hatari. Hapo ndipo penye siri. Mlaji hutokwa na machozi na huku anacheka kwa sababu ameyataka mwenyewe na anaweza kuyaacha. Mwondolee hiari hiyo, mlishe kiasi kile kile cha pilipili kwa nguvu, na starehe itageuka adhabu. Pilipili haikubadilika hata chembe. Kilichoondoka ni ridhaa.

Ikiwa ndivyo, chungu cha watu wanne kina mashaka makubwa kuliko yanavyoonekana. Mmoja ni mzaliwa wa Chengdu, aliyelelewa na ukali tangu utoto. Wa pili ni mama yake, ambaye aliupenda ukali maisha yake yote na sasa tumbo limemkataza. Wa tatu ni mgeni kutoka Guangzhou, kusini, ambako upishi husifiwa kwa kuiacha samaki au mboga iseme yenyewe. Wa nne ni kijana asiyetaka kuonekana mnyonge. Neno moja litatamkwa mbele ya mizani, na neno hilo litaingia katika ndimi nne.

Wako wasemao kwamba aamue mwenye nguvu, kwani mkahawa ni wa Sichuan na aendaye Sichuan hana haki ya kulalamikia pilipili. Hoja hii hujivika vazi la kuhifadhi asili. Lakini pilipili yenyewe ni mgeni China. Asili yake ni Amerika, na maandishi ya mwanzo ya Kichina yanayoitaja ni ya mwaka 1591, katika kitabu cha Gao Lian wa Hangzhou, aliyeisifu kama mmea wa kutazamwa. Upishi wa Sichuan ulikuwa na huajiao yake karne nyingi kabla ya hapo. Jikoni lililompokea mgeni mkali namna ile haliwezi kudai kwamba litakufa likimpokea mgeni mpole.

Wako pia wasemao kwamba aamue mnyonge, siku zote na bila mjadala. Hoja hii ina huruma, lakini huruma isiyouliza huzaa uonevu wa namna nyingine. Yule mama hakuomba kuwa sababu ya watatu wengine kula chakula kilichopoa roho. Akiletewa bakuli jepesi ambalo hakuulizwa, na kila mmoja akalila kwa uso wa subira, ataona kwamba amegeuzwa mzigo ilhali alikuja kuwa mlaji.

Njia ya tatu ni kugawa. Kwa chungu cha mchuzi, Wachina wanacho chombo chenye ukuta katikati, upande mmoja mkali na upande mmoja mpole, kilichopewa jina la bata wa China, dume na jike, ambao ni mfano wa wapendanao. Mwambao nao umegawa kwa busara yake: pilau huja katika sinia moja, na pilipili huja kando, katika kibakuli chake, pamoja na achari na ndimu. Mikono hukutana katika wali na huachana katika ukali. Kwenye sinia methali ya wahenga iko nyumbani kwake. Pilipili usoila haikuwashi, kwa sababu imekaa kando. Chungu kikavu hakikubali mgawo huo. Ukali wake umo ndani ya mafuta, na mafuta yamekwisha kugusa kila kipande. Kuagiza vyungu viwili kunawezekana, ila watakuwa wamekaa pamoja bila ya kula pamoja.

Mambo mengi ya maisha ni ya namna hiyo, na ndiyo sababu ya kulizungumza hili. Nyumba ya urithi isiyogawika ina rangi moja ya ukuta na saa moja ya kufungwa mlango. Mtaa una kelele za usiku zinazoingia katika madirisha yote. Hata mzaha wa barazani ni chungu kimoja: mtaniaji hupima ukali kwa ulimi wake, na mtaniwa hulazimika kucheka ili asiambiwe kuwa hana kifua. Katika mambo hayo kibakuli cha kando hakipo. Kumwambia mtu kwamba pilipili asiyoila isimwashe ni kumdhihaki, kwa kuwa ameshalishwa.

Mencius, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Masihi, alitoa hoja kwamba vinywa vya watu hukubaliana katika ladha, ndiyo maana wote walimsifu mpishi Yi Ya. Na kama vinywa hukubaliana, basi na nyoyo hukubaliana katika haki. Ni hoja yenye matumaini makubwa, na meza ya chungu kikavu yaitia shaka. Vinywa havikubaliani. Ulimi uliozoea hupungukiwa na hisia, ulimi mgeni huona moto kamili, na hakuna awezaye kuazima ulimi wa jirani akaonja kwa huo. Wilbur Scoville alipotunga kipimo chake mwaka 1912, alipima pilipili, hakumpima mlaji.

Karibu zaidi na meza hii ni Yan Ying, waziri wa nchi ya Qi, ambaye mwaka 522 kabla ya Masihi alimfafanulia mtawala wake kwamba kupatana si kufanana. Mfano wake ulikuwa wa jikoni: mpishi huongeza kilichopungua na kupunguza kilichozidi, mpaka tofauti zikae pamoja. Mawaziri wasemao ndiyo kwa kila neno la mtawala hawapatani naye, wanarudia tu. Kwa Yan Ying, basi, nyoyo hazihitaji kuwa na ladha moja. Zinahitaji kuambiana ladha zao.

Ndipo yanapodhihiri majukumu mawili, na hayalingani. La kwanza ni la mwenye nguvu. Yeye aweza kushuka, na akishuka hupoteza sehemu ya raha. Mnyonge hawezi kupanda, na akipandishwa hupata maumivu. Hasara hizo si sawa kwa uzito, kwa hiyo anayeweza kushuka ndiye anayepaswa kuanza kuuliza. Aulize kwa namna isiyomfanya mwenziwe aone haya. Kumwambia kijana yule, mbele ya watu, "Wewe utaweza kweli?" si kumwuliza, ni kumsukuma.

La pili ni la mnyonge, nalo husahauliwa. Yeye anadaiwa ukweli. Wachina wana neno suibian, yaani vyovyote tu, ambalo mgeni hulitoa kwa adabu anapoulizwa. Watu wa pwani wanalijua vyema neno hilo kwa lugha yao wenyewe, na wanajua jinsi linavyodanganya. Mgeni wa Guangzhou akisema vyovyote tu, kisha akala huku ameuma meno, hakuwahurumia wenyeji wake. Amewanyima nafasi ya kumtendea wema, na amewafanya wamuumize pasipo kujua. Heshima iliyofichwa hivyo humgeuza rafiki kuwa mkosaji bila ya kosa lake.

Itaulizwa: na wakishaulizana, wakajibiana kwa kweli, wasipoafikiana? Huenda wasiafikiane. Huenda wakaagiza ukali mdogo na huajiao nyingi, mama akafurahi kwa ganzi bila moto, na mwanawe akaona upungufu. Upungufu huo atakaoula atakuwa ameuridhia, na hapo juu ilionekana kwamba ridhaa ndiyo itenganishayo starehe na adhabu. Kunyimwa kulikoridhiwa nako kuna ladha yake.

Methali ya wahenga basi na ibaki, iendelee kuwakemea wadaku, kwani kazi hiyo haijesha. Lakini penye chungu kimoja yafaa iambatane na swali la pili: pilipili uliyoagiza, umemwuliza nani? Swali hilo lina wakati wake, nao ni mfupi, baina ya mizani na karai.