Mtumishi wa Mungu hafi njaa?

Mtumishi wa Mungu hafi njaa. Sentensi hii nimeisikia kanisani tangu nikiwa mdogo, na wala sipingani nayo. Kinachonisumbua ni nani anaisema, na lini. Mara nyingi huisema mtu aliyekwisha kula, tena kwenye kikao cha kujadili posho ya mwinjilisti.

Tuanze na Eliya, maana ndiye tunayemtaja sana. Wote tunawakumbuka kunguru waliomletea mkate na nyama asubuhi na jioni pale kijito cha Kerithi. Tunachosahau ni kwamba kijito kile kilikauka. Kilipokauka, Mungu alimtuma nabii Sarepta, kwa mjane aliyebakiwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Yaani riziki ya nabii ilihamia jikoni kwa maskini. Unga haukuisha, ni kweli, lakini kwanza mjane yule alikubali kumpikia mgeni.

Sasa fungua Nehemia sura ya 13. Walawi hawakupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine. Walikula zaka ya ndugu zao. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta zaka hailetwi, na Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Kwetu wangeitwa kikaoni waulizwe imani yao imekwenda wapi. Nehemia aliwagombeza viongozi. Kisha akawarudisha Walawi kazini, watu wakaleta nafaka, divai na mafuta, na ghala likakabidhiwa kwa watu waaminifu. Mungu alitoa, ila alitoa kupitia ghala lenye usimamizi.

Najua kuna atakayenitajia George Müller. Mwaka 1830 aliacha mshahara wake wa uchungaji huko Uingereza, baadaye akalea maelfu ya yatima mjini Bristol bila kumwomba mtu fedha. Namheshimu sana. Lakini njia ile aliichagua mwenyewe, hakuchaguliwa na kamati. Na kila mwaka alichapisha taarifa ya kilichopokelewa, kwa sababu fedha zile zilitoka mifukoni mwa watu.

Mtume Paulo naye alishona mahema Korintho ili asimlemee mtu, huku akisisitiza kwamba anayehubiri Injili ana haki ya kuishi kwa Injili. Msaada wa Wafilipi aliupokea kwa shukrani. Haki ile ilikuwa yake kuiacha, haikuwa ya Wakorintho kuifuta. Kwa hiyo mhubiri anayewakamua waumini apate gari la kifahari asitafute kichaka kwa Paulo, na mwenye kanisa la bahili asitafute pia.

Baba yangu mdogo alikuwa mwinjilisti kijijini. Kuna kipindi posho ilipita miezi bila kuonekana. Jumapili moja, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, mama mmoja muuza maandazi alinunua mkungu wa ndizi, akauzungusha nyuma ya nyumba na kumwachia mama mdogo bila maneno mengi. Usiku ule baba mdogo alimshukuru Mungu kwa chakula. Alikuwa sahihi. Lakini wazee waliokuwa na ufunguo wa sanduku la sadaka nao walilala wakiamini kwamba Mungu ametoa, na hapo ndipo mimi nakwama. Mama yule aligeuka kunguru wa Eliya. Wao walijihesabu watazamaji wa muujiza.

Mtu akisema "Bwana atanipa," hiyo ni imani. Akimwambia mwenzake "Bwana atakupa," huku chake kiko mfukoni, hapo amekwepa. Yakobo alishatuonya kuhusu kumwambia mwenye njaa akashibe bila kumpa kitu.

Naamini Mungu huwatunza watumishi wake. Na kwa sababu naamini hivyo, swali la kumuuliza mhasibu wa kanisa Jumapili hii ni dogo tu: mwinjilisti wetu alilipwa lini mara ya mwisho?