Baiskeli Isiyosafiri

Iko baiskeli ambayo mtu aweza kuiendesha saa nzima, akatoka jasho jingi, kisha akashuka pale pale alipopandia. Imesimama imara katika chumba cha mazoezi. Mbele yake pana gurudumu zito la chuma, na chini ya usukani pana kirungu cha kukaza na kulegeza gurudumu hilo. Watu ishirini au zaidi huketi kila mmoja juu ya yake, mwalimu akawaongoza kwa sauti na muziki, nao wakazungusha miguu kwa muda wa dakika 45 au saa moja. Wengi wao hutafuta afya tu. Lakini wamo wanaojiandaa kwa safari ndefu za barabarani, za kilomita 100, 200 au zaidi. Basi swali latukabili: Je, mtu aweza kujifunza kusafiri kwa kukaa mahali pamoja?

Swali hili, msomaji, si la waendesha baiskeli peke yao. Wewe nawe huketi darasani ukijiandaa kwa maisha ambayo sehemu yake kubwa iko nje ya darasa. Lililo kweli juu ya chumba kile huenda likawa kweli juu ya dawati lako.

Tusilidharau zoezi hili kwa sababu halina mwendo. Chanzo chake chenyewe ni safari ndefu. Katika miaka ya 1980, Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyehamia California, alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kuvuka Marekani kwa baiskeli toka pwani ya magharibi mpaka pwani ya mashariki, mwendo wa kilomita 4,800 hivi. Barabara za usiku zilikuwa na hatari, akajitengenezea baiskeli ya kuendeshea nyumbani. Kutokana na baiskeli hiyo yakazaliwa madarasa ambayo leo yameenea katika miji mingi ya dunia.

Ushahidi mwingine ni wa mwaka 2016. Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mwishoni mwa Februari, wiki sita hivi kabla ya mashindano ya Paris–Roubaix nchini Ufaransa. Mashindano hayo yazidi kilomita 250, na zaidi ya 50 kati yake ni za barabara mbovu za mawe. Kwa kuwa hakuweza kwenda barabarani, alifanya mazoezi ndani ya nyumba yake. Tarehe 10 Aprili akashinda, akimtangulia Tom Boonen aliyekuwa amekwisha kushinda hapo mara nne. Wahenga wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Chombo hiki kiliundwa ndani ya kuta nne.

Walakini tusiupe ushahidi huu uzito kupita kadiri. Hayman alikuwa amekwisha kushiriki mashindano hayo zaidi ya mara kumi. Chumba kilimhifadhia nguvu; maarifa ya mawe yale alikuwa nayo tangu zamani. Chumba hakina upepo wa mbele, wala kona, wala mteremko, wala lori linalopita karibu na bega. Baiskeli iliyosimama haianguki, kwa hiyo haimfundishi mtu mizani. Tena darasa la saa moja humalizika kabla njaa haijafika. Akiba ya sukari iliyomo mwilini hupungua sana baada ya kama saa mbili za kazi ngumu, na asiyejifunza kula na kunywa njiani huishiwa nguvu ghafula mbali na kwao. Mambo hayo hufunzwa na barabara yenyewe. Mwenye busara, basi, hutafuta nguvu chumbani, na siku nyingine hutoka nje kutafuta maarifa.

Lakini liko somo moja ambalo chumba hulifundisha kuliko barabara. Mwalimu husema, "Kazeni, tunapanda mlima." Kila mtu hushika kirungu chake. Mmoja hukikaza kweli, na mapaja yake yakaanza kuwaka moto. Wa pili hukigusa tu bila kukizungusha, kisha akakunja uso na kutweta kama mwenziwe. Aghalabu hakuna awezaye kuwatofautisha, kwa kuwa mlima ule haupo ila kwa yule aliyeukubali. Zaidi ya hayo, gurudumu lile zito likishika kasi huichukua miguu pamoja nalo. Mtu huyo aonekana anaendesha, kumbe anaendeshwa.

Amemdanganya nani? Si mwalimu, maana mwalimu hatamsafiria. Amejidanganya nafsi yake, na siku ya kujua iko mbele. Anayetoka Naivasha kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru hana kirungu cha kuulegeza mlima. Gia zaweza kuupunguza uzito wake, haziwezi kuuondoa.

Huenda ukasema: "Ikiwa mtu hana safari mbele yake, amekosa nini akilegeza?" Swali lako ni la haki, nalo lataka tupambanue. Kulegeza peke yake si kosa. Mgonjwa, mzee na mwanafunzi mgeni wana haki ya kulegeza, na anayelegeza waziwazi kwa kuujua uwezo wake ni mkweli kuliko anayekaza kwa kiburi mpaka akajiumiza. Kosa limo katika uso uliokunjwa, si katika uzito mdogo. Mtu aliyezoea kuonekana anafanya kazi bila kuifanya hutoka chumbani na mazoea hayo, akayapeleka ofisini, shambani na nyumbani, hata kama hatapanda baiskeli tena maishani.

Sasa lifikirie dawati lako. Jioni ya kudurusu kitabu kiko wazi mbele yako, na mwalimu apitaye huona kichwa kilichoinama. Hawezi kuona kama akili imekaza au imelegea. Waweza kunakili jibu la mwenzio, nalo likapata alama ile ile. Kirungu kiko mkononi mwako, hakuna mwingine akishikaye.

Watu wengi hudhani kwamba ukweli wa mtu hupimwa siku ya mashindano, mbele ya macho mengi. Siku hiyo hupimwa nguvu. Ukweli ulikwisha kupimwa zamani, siku zile nyingi ambazo udanganyifu ulikuwa rahisi na hapakuwa na wa kuuona. Basi mwalimu asemapo mlima umefika, ukaze kwa kadiri ya uwezo wako. Na uwezo ukiwa mdogo, ukaze kidogo bila kuona haya.