Ramani Isiyo na Ngitili

Kuna balaa ambalo wachezaji wengi wa Cities: Skylines hukutana nalo wakiwa bado wageni. Mchezaji anatenga eneo kubwa la makazi kwa mkupuo. Nyumba zinaota, wahamiaji wanaingia kwa maelfu wakiwa na umri unaokaribiana, kodi inamiminika, naye anajiona fundi. Kisha miaka ya ndani ya mchezo inasogea, na wale walioingia pamoja wanazeeka pamoja na kufa pamoja. Alama za msiba zinatanda juu ya mapaa. Magari ya maiti yanakwama kwenye foleni, makaburi yanajaa. Mchezo unamletea mjenzi kitufe: akikibonyeza, eneo zima la makaburi linaanza kuhamishwa, maiti zinapelekwa kwenye tanuri la kuchomea, na ardhi inapata nafasi ya wafu wengine.

Mchezo huo ulitengenezwa na Colossal Order, kampuni ya mjini Tampere, Finland, na uliingia sokoni Machi 2015. Unahesabiwa katika kundi la michezo inayoiga uhalisia: una mabomba ya maji, nguzo za umeme, bajeti, taka, foleni na misiba. Upande wa pili iko michezo myepesi, na mfano wake mzuri ni Townscaper wa Oskar Stålberg, msanii wa Sweden, uliokamilika mwaka 2021 na unaochezeka hata kwenye simu. Humo hakuna fedha, hakuna lengo, hakuna kushindwa. Kidole kikigusa bahari, kipande cha ardhi kinatokeza. Kikigusa tena, nyumba inasimama, na tena, ghorofa linaongezeka. Nyumba zikizunguka uwazi, katikati panajiotea bustani. Ndege wanatua juu ya mapaa. Watu hawamo.

Mashabiki wa pande hizi mbili wamebishana kwa miaka. Wa uhalisia husema ule mwingine ni sanamu ya kuchezea watoto. Wa wepesi hujibu kwamba kupanga foleni za magari usiku kucha ni kazi isiyo na mshahara. Wengi huuacha ubishi hapo na kusema kila mtu na ladha yake. Lakini chini ya ladha kuna swali zito ambalo wanafalsafa na watu wa dini walilishika kabla kompyuta hazijakuwapo: anayejenga mahali pa kuishi anadaiwa nini na watakaoishi hapo? Na je, inatosha kuwajua kwa kuwatazama kutoka juu?

Swali hilo lina kumbukumbu Kasoli.

Kasoli ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, mkoa uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba, mtama, mahindi na ng'ombe. Kabla ya miaka ya sabini, Msukuma hakujenga kwa mstari. Kaya ilikaa mbali na kaya, imezungushiwa uzio wa minyaa, zizi likiwa ndani na mashamba yakianzia karibu na mlango. Nje ya mashamba kulikuwa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa msimu wote wa mvua, mnyama asilikanyage, ili majani yabaki yamesimama hadi kiangazi kinapokaza. Hapo ndipo ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai walipofunguliwa kuingia, kwa kuwa mvua za kwanza zingewakuta maksai hao wakivuta plau na mwenye kaya hakutaka wavute wakiwa mifupa mitupu.

Ukiitazama ngitili kwa juu, kutoka kwenye ndege au kwenye picha iliyotandazwa mezani, utaona pori. Hakuna nyumba, hakuna zao. Anayeijua thamani yake ni yule anayejua ni mwezi gani, na ni ng'ombe yupi anayesubiri nje.

Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu wasilazimishwe kuhamia vijijini, waridhie wenyewe. Novemba 1973 msimamo ulibadilika: ifikapo mwisho wa 1976, kuishi kijijini kungekuwa lazima. Huko Shinyanga, ambako Bariadi ilikuwa sehemu yake, Operesheni Vijiji, yaani uhamishaji wenyewe, ilipamba moto mwaka 1974. Sheria ya mwaka 1975 ikaweka kaya 250 kuwa kiwango cha chini cha kijiji. Kufikia mwaka 1977 watu wapatao milioni 13 walikuwa wamehesabiwa katika vijiji zaidi ya 7,000 nchi nzima. Kwa kasi na ukubwa, Afrika haikuwa na mfano wake.

Haki itendeke katika kulisema jambo hili. Nia haikuwa mbaya. Shule, zahanati na kisima havifikishwi kwa urahisi kwenye kaya zilizotengana mwendo wa nusu saa, na wapo watoto wengi wa Usukuma waliojua kusoma kwa sababu darasa lilisogea karibu. Anayeiandika Operesheni kama ukatili mtupu anawadhulumu waliofaidika nayo.

Lakini namna ilivyofanyika inafanana mno na kidole juu ya kioo. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooka kandokando ya barabara, kwa kuwa mstari unahesabika na unaonekana vizuri kwa mgeni anayepita na gari. Watu walihamishwa kwa mkupuo, wengine kwa malori na mgambo, wengine nyumba zao zikibomolewa ili wasirudi. Mashamba yakabaki kilometa kadhaa nyuma. Ng'ombe waliokuwa wametawanyika juu ya nchi pana wakakusanyika kuzunguka kijiji kimoja. Ngitili zikabaki huko mbali bila jicho la mwenyewe, na kitu cha pori kisicho na jicho la mwenyewe hakimalizi kiangazi kimoja. Waliohamishwa pamoja walimaliza kuni pamoja, wakamaliza nyasi pamoja, na udongo uliozunguka makazi mapya ukachoka upesi. Ni lile balaa la mchezo, isipokuwa hapa hakuna aliyeweza kusimamisha saa.

Halafu kulikuwa na makaburi. Kwa Msukuma wa imani ya jadi, masamva, yaani mizimu ya wazee, hawako mbinguni mbali. Wana habari na kaya, na kaya ina habari nao. Tongo, mahali kaya ilipokuwa, si kiwanja kilichoachwa wazi. Ni anwani ya wafu. Katika orodha ya afisa aliyekuja na kamba ya kupimia, hapakuwa na safu ya kuandika jambo hilo, kama ambavyo mwenye kitufe cha kuhamisha makaburi haulizwi marehemu alikuwa mzazi wa nani.

Mwanazuoni wa Marekani James C. Scott aliweka vijiji vya Tanzania katika kitabu chake cha mwaka 1998, Seeing Like a State, pamoja na mji wa Brasília na mashamba ya pamoja ya Urusi ya Kisovieti. Hoja yake ni kwamba dola hupenda kurahisisha watu ili iweze kuwasoma, kisha husahau kwamba ilirahisisha. Hoja hiyo inaangukia moja kwa moja kwenye ubishi wa wachezaji. Waliopanga vijiji hawakujiona wachezaji wa mchezo mwepesi. Walikuwa na takwimu, ramani, wataalamu na ratiba. Waliamini wanashughulika na uhalisia wenyewe, na imani hiyo ndiyo iliyowafumba macho wasiione ngitili.

Michezo inayojiita ya uhalisia ina kasoro hiyohiyo, na ushahidi umo katika historia yake. SimCity ya Will Wright, iliyotoka mwaka 1989 na kuwa mama wa aina hii yote, ilichota mawazo yake kwa Jay Forrester, profesa wa chuo cha MIT, aliyeandika kitabu cha Urban Dynamics mwaka 1969. Forrester aliugeuza mji kuwa milinganyo, na milinganyo ikamwambia kwamba kujenga nyumba nyingi za bei nafuu kwa maskini kunaudhoofisha mji. Wakosoaji walilalamika kwamba jibu lilikwishawekwa ndani ya swali. Mamilioni ya watoto waliocheza baadaye hawakuambiwa kwamba wanacheza ndani ya maoni ya mtu. Waliambiwa huu ni mji.

SimCity mpya, iliyotoka mwaka 2013, ilipokuwa ikiandaliwa, msanifu wake mkuu, Stone Librande, alianza kupima maegesho ya magari ya miji ya kweli ya Marekani. Alikuta maegesho ya duka moja ni makubwa kuliko duka lenyewe. Wangeyaweka yote, mchezo ungekuwa wa lami tupu na ungechosha, kwa hiyo wakajifanya maegesho mengi yako chini ya ardhi. Cities: Skylines nayo ina siri zake: mkazi anaweza kuchomoa gari kana kwamba lilikuwa mfukoni, gari lililokwama muda mrefu linatoweka, na hata mji uwe na watu laki ngapi, wanaotembea kwa wakati mmoja hawazidi 65,536, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya programu inapogota.

Hakuna dhambi katika kupunguza. Ramani yenye ukubwa wa nchi haifai kwa lolote. Dhambi, kama neno hilo linaruhusiwa hapa, ni kupunguza na kisha kuwaambia watu kwamba kilichoachwa hakikuwapo. Kwa kipimo hicho Townscaper unasimama vizuri kuliko wengi wanavyoufikiria. Hauna watu na haudai kuwa nao. Anayezima simu yake baada ya kuupamba mji wa rangi nyekundu na njano haondoki akiamini kwamba sasa anaelewa kodi, umaskini au foleni. Mchezo mzito ndio unaomwachia mtu kiburi cha kujua, na kiburi hicho kikikaa ofisini kinaweza kuhamisha wilaya nzima.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 11, kinasimulia wajenzi wa Babeli, na watu wengi hukumbuka mnara na lugha kuchafuka. Kuna jambo dogo katikati ya kisa ambalo hupitwa haraka. Kabla ya kutoa hukumu yoyote, Mungu alishuka auone mji. Msomaji anaweza kuuliza, ajuaye yote anashukia nini? Walimu wa kale wa Kiyahudi waliliona swali hilo na wakalichukua kuwa funzo kwa mahakimu: usihukumu usichokwenda kukiona. Katika Qurani, sura ya Al-Baqara, mwanadamu anatajwa kuwa khalifa katika ardhi, na khalifa hushika kwa niaba ya mwingine, hivyo lazima atoe hesabu. Katika mafundisho yote mawili, aliye juu hana ruhusa ya kubaki juu tu.

Na kushuka kunawezekana hata kupitia mchezo. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi, lilianza mwaka 2012 kushirikiana na Mojang, watengenezaji wa Minecraft, katika mpango wa Block by Block. Kati ya maeneo ya mwanzo ulikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Minecraft ni matofali tu. Kwa vipimo vya wapenda uhalisia, ni mchezo wa watoto. Lakini wepesi huo ndio ulioufaa. Mtu asiyeweza kusoma mchoro wa mhandisi anaweza kushika tofali la kwenye kioo na kulisogeza, na anayeona limewekwa vibaya anaweza kulitoa. Hakuna mlinganyo uliojificha ndani wa kuwaambia wakazi wa Kibera mji ni kitu gani. Walichokijua waliingia nacho wenyewe.

Usukuma nao ulipata kushuka kwake, bila kompyuta. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao wakati huo ulikuwa unageuka jangwa mbele ya macho ya watu. Badala ya kuendelea na miche ya kigeni peke yake, mradi uliwauliza wenyeji zamani walifanyaje, na jibu likawa ngitili. Wakati huo zilizohesabiwa hazikuzidi hekta 600 au hivi. Ndani ya miaka ishirini hivi zilipita hekta 300,000, nyingine za kaya, nyingine za kijiji kizima, zikilindwa kwa sheria za kienyeji zinazopitishwa kwenye dagashida, mkutano wa wote. Mwaka 2002 mradi ulipewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Lile pori ambalo ramani ya 1974 haikuliona lilirudi na kuni, asali, dawa za miti shamba na nyasi za kuezekea.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vijiji vina uwezo wa kisheria wa kupanga matumizi ya ardhi yao. Wawezeshaji wenye busara hawaanzi na karatasi. Watu hukusanyika chini ya mti na kuichora nchi yao udongoni: majivu kwa barabara, mbegu kwa kaya, kijiti kwa kisima, majani mabichi kwa ngitili. Mchoro wa aina hiyo unatazamwa kwa kuinama. Mama aliyechota maji asubuhi anaweza kusimama na kusema kisima hakipo hapo, akakichomoa kijiti na kukichomeka hatua mbili mbele, na mzee akanyoosha fimbo kwenye sehemu iliyoachwa tupu na kuuliza mbona hapo pameandikwa hakuna mtu, na wazazi wake wamelala hapo.