Achokonoaye Kutu
Somo la juma: Nehemia 2:11–18

Katika gereji nyingi za nyumbani huko Uingereza utamkuta mtu amelala chali chini ya gari la MGB, akiligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi huku ametega sikio. Gari hili dogo la spoti lilitengenezwa mjini Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000 yakatoka, na watu wa kawaida wanalifufua majumbani hadi leo. Injini yake haiwasumbui sana: silinda nne, kabureta mbili za SU, vipuri vinapatikana. Kinachowatoa jasho ni kutu.

MGB halina chesisi ya kujitegemea. Nguvu yake imo katika bodi yenyewe, hasa katika boriti ya bati inayopita chini ya mlango kila upande. Lile la wazi, lisilo na paa la chuma, linategemea boriti hizo mbili lisipinde katikati. Kwa nje unaona bati moja lenye rangi inayong'aa. Nyuma yake kuna bati la pili lililosimama wima, kisha la tatu upande wa abiria, na jingine linalofunga kwa chini. Maji na tope vikipenya humo vikakosa pa kutokea, kutu huanza gizani, katikati ya matabaka, miaka mingi kabla rangi haijavimba. Ndiyo maana yule mtu anagonga na kusikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti iliyofifia, kama kimemezwa. Hapo anageuza bisibisi na kusukuma ncha yake. Rangi inapasuka, puti inameguka vipande, na unga wa kahawia unamwagika kifuani pake.

Puti si mbaya. Fundi mzuri wa bodi huipaka nyembamba juu ya bati zima ili kusawazisha. Ubaya ni pale inapoachiwa ishike nafasi ya chuma kisichokuwepo tena. Jiulize ni nani hufanya hivyo. Mara nyingi ni anayeuza. Gari linaloondoka wiki ijayo halimdai kujua kilichomo ndani ya boriti. Linamdai ling'ae siku ya mnunuzi kuja. Aliyewahi kununua gari la mtumba Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa. Anayechokonoa ni yule atakayelipakia watoto wake, mwenye nia ya kubaki nalo.

Sasa msome Nehemia. Ametoka Shushani, kazini kwa mfalme, amefika Yerusalemu na kukaa siku tatu bila kumwambia mtu neno. Kisha usiku anatoka na watu wachache, anapita lango la bondeni hadi lango la jaa, anatazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea. Anafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hana pa kupita. Hata hivyo haachi. Anapandia kwenye kijito, bado anatazama ukuta. Baadaye anapowaambia viongozi wajenge, maneno yake yanaanza na hali mbaya ya mji kama ilivyo. Mtu huyu alikuja kuwa liwali wa nchi ile kwa miaka 12 (5:14). Hakuwa mpita njia, naye aliuangalia ubovu wote kwa sababu alikuwa anakwenda kuishi nao.

Ezekieli aliwaona wa aina nyingine, manabii waliotangaza amani pasipo na amani, wakapaka chokaa ukuta dhaifu wa watu (13:10–15). Akaonya kwamba mvua itakapokuja, hata msingi utaonekana.

Naandika haya kwa sababu ya namna tunavyopatanisha watu kanisani. Ndugu wawili wamegombania shamba la marehemu baba yao. Wazee tunakaa nao saa moja, tunasema "yaishe," wanashikana mikono mbele ya madhabahu, tunaimba. Hakuna aliyeuliza hati iko kwa nani, wala kwa nini dada zao hawakuitwa. Mwaka unaofuata tunashangaa wakikutana mahakamani. Tuliwapaka puti, na nadhani tulifanya hivyo kwa sababu sisi tulikuwa tunaondoka. Wao ndio waliobaki na ukuta.

Na wewe unayesikia Mungu anakuchokonoa juma hili, kwa mahubiri, kwa ugonjwa wa dhamiri usiokuacha ulale, au kwa maneno ya mkeo ambayo hukutaka kuyasikia, usidhani anakutafutia sababu ya kukutupa. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kabisa za MGB. Kwa hiyo anayekaa usiku akikata na kuchomelea ile ya zamani amechagua kuitunza hiyo hiyo. Baada ya ndama ya dhahabu, Bwana alimtajia Musa uwezekano wa kuanza upya na taifa jingine (Kutoka 32:10). Akabaki na lile lile gumu.

Lakini kuna namna ya kukata. Kabla ya kuondoa boriti, fundi makini hufunga chuma cha kushikilia kwenye nafasi ya mlango ili bodi isilegee, kisha hufanya upande mmoja kwanza. Huujaribu mlango tena na tena kama unafunga. Mwenye haraka akikata kote bila kitu cha kushikilia, gari linapinda. Akichomelea bati jipya hapo, amelifungia upotofu wake milele, na mlango hautafunga tena. Pale bati lilipounganishwa kiwandani kwa vidoti vya moto, fundi makini hutoboa kidoti kimoja kimoja kwa drili, kwa kina cha kulitosha bati lililooza tu, asijeruhi lililo zima nyuma yake. Ni kazi ya kuchosha mikono. Sisi tunaoonya wengine tungeifikiria. Kabla ya kumwambia kijana ukweli mzito, yupo nani wa kumshikilia? Na je, lazima makosa yake yote yatajwe jioni moja?

Waliomaliza kazi hii hawaachi hapo. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa barafu, nayo ni adui mkubwa wa bati. Kwa hiyo wanapuliza nta ndani ya boriti mpya, na kila mara wanapitisha waya katika vitundu vya chini vya kutolea maji, kwa kuwa tope likiviziba, maji yatalala ndani na yote yataanza upya. Vivyo hivyo Paulo aliwataka Waefeso wasiache jua lizame hasira ikiwa bado imo (4:26).

Basi juma hili nawaomba wanandoa, na watu wote wanaoishi chini ya dari moja, waulizane kabla ya kulala: leo nimekukosea wapi? Anayeulizwa asiseme "hamna neno" kama lipo. Na aliyeuliza akae kimya mpaka mwenzake amalize kusema.