Ufa wa Gurudumu na Dhamana ya Mwenye Gari

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta imetulea sote, hata tukaamini kwamba kila ufa huomba kuzibwa, na kwamba mzibaji daima ni mtu mwema kuliko mwenye kuuacha wazi. Nionavyo mimi, methali hiyo ni ya kweli ikiwa kwenye ukuta wake. Lakini zipo nyufa ambazo kuziziba ni kosa kubwa kuliko kuzikiri. Mfano nitakaoutumia si wa kishairi hata kidogo: ni rimu ya alumini iliyoatuka katika gari kuukuu.

Tuuweke mfano huu mahali pake. Chekereni ni kijiji cha tambarare, chini ya mji wa Moshi, katika mashamba ya mpunga ya Lower Moshi ambayo ujenzi wa mifereji yake ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Kutoka nchi hiyo hiyo huja pia magari mengi ya mtumba yanayotembea huko, kama yanavyotembea hapa kwetu visiwani. Aghalabu hufika na rimu za alumini, zile ziitwazo rimu za spoti, nzuri machoni na nyepesi mkononi. Gari likishatimiza miaka 20, likishabeba magunia na kugonga mashimo yasiyohesabika, ukingo wa ndani wa rimu huweza kupata ufa mwembamba kama unywele. Mwenye gari huona tu kwamba tairi moja linapungua upepo kila baada ya siku mbili. Fundi hulipaka maji ya sabuni, na mapovu humwonyesha penye jeraha.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Mwenye gari hana fedha za rimu nyingine, na fundi wa kuchomelea yupo jirani. Fundi akichomelea, akapiga msasa, akapaka rangi ya fedha, ufa hauonekani tena. Je, ametenda wema?

Jibu linaanzia katika tabia ya madini yenyewe. Kwenye miteremko ya mlima huo huo, wahunzi wa Mamba wamefua vyuma tangu enzi na enzi, nao wanajua kwamba chuma kilichopinda hupashwa moto, hupigwa nyundo, kikarudi katika umbo lake. Alumini haina msamaha huo. Rimu hupata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Moto wa kuchomelea huziondoa nguvu hizo pembezoni mwa jeraha, hata ikawa panapong'aa ndipo palipolegea. Isitoshe, alumini huchoka. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani huweza kustahimili takriban bila ya ukomo. Alumini haina kiwango hicho, na kila mzunguko huandikwa katika daftari lake. Gurudumu la gari dogo huzunguka kiasi cha mara 500 katika kila kilomita. Safari moja ya kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni mizunguko zaidi ya 250,000.

Ulimwengu ulilipa ghali ili kulijua jambo hili. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ilianza safari za kwanza za abiria kwa ndege za jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Mwaka 1954, ndani ya miezi mitatu, ndege mbili za aina hiyo zilivunjika angani na hakusalimika mtu. Wachunguzi walikitia kiwiliwili cha Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakakijaza shinikizo na kulipunguza mara kwa mara, mpaka kikapasuka: ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha, na chanzo chake kilikuwa ni uchovu wa alumini. Wale walioziunda hawakuwa wakificha kitu, hawakuwa wamejua. Sisi tumekwisha kujua, na kwa hivyo udhuru wetu ni mdogo kuliko wao.

Mtetezi wa mnyonge ataniuliza: mbona mafundi wa majahazi huziba nyufa za mbao kwa kalafati ya pamba na mafuta, na hakuna anayewaita wadanganyifu? Swali hili ni la haki. Tofauti ni kwamba kalafati haimdanganyi mtu. Baharia anajua kuwa chombo huvuja. Huketi tayari kuyafua maji, na wakati ukifika hukipandisha pwani kikalafatiwa upya. Ufa umo ndani ya hesabu ya safari. Rimu iliyopakwa rangi imeutoa ufa katika hesabu hiyo, nao ungalipo.

Katika mapokeo ya dini yetu tunasimuliwa kwamba Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono katika chungu ya chakula, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimwuliza kwa nini hakuiweka ile sehemu iliyolowa juu, watu wakaiona. Mkulima wa mpunga wa Chekereni ataufahamu mfano huo upesi kuliko mwanachuoni. Kasoro si dhambi. Dhambi ni kuiweka chini. Na ndiyo maana wanazuoni wa fiqhi walimpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa atakapogundua aibu iliyofichwa.

Lakini vipi kuhusu mtu asiyeuza, anayeendesha gari lake mwenyewe kwa kukosa njia nyingine? Hapa ndipo penye uzito, kwani ni rahisi kumhubiria fukara. Hata hivyo, rimu ikikatika haimchagui mwenye gari. Humpata abiria aliyelipa nauli yake, na mwendesha baiskeli, na mtoto anayerudi skuli pembezoni mwa njia. Umaskini humpa mtu haki ya kujinyima. Haumpi haki ya kukopa usalama wa jirani bila ya kumwuliza.

Nyufa si sawa. Ule wa ukingoni, fundi bingwa mwenye gesi ya agoni anaweza kuutazama, akaujaribu, akasema kweli yake, ingawa wengi wenye utaalamu hawaikubali hata kazi hiyo. Ule uliofika kwenye mikono ya rimu au matundu ya nati hauna dawa. Heri rimu ya chuma ya mtumba, isiyofanana na wenzake watatu: fahari itapungua, safari itabaki. Na ile iliyoatuka isiwekwe kuwa akiba, maana akiba hutumika usiku na mtu asiyejua habari zake. Ikatwe, iuzwe kwa uzito, iyeyushwe kwa nyuzi 660 iwe kitu kingine.

Mzigo mzito zaidi u juu ya fundi. Yeye peke yake ndiye aliyeyaona mapovu. Kusema "hii sichomelei" ni kukosa ujira wa siku na pengine kumpoteza mteja aende kwa mwingine. Wema wa namna hiyo hauna shahidi: hakuna atakayemshukuru kwa ajali isiyotokea. Lakini jioni yule mtoto atapita pembezoni mwa njia akiwa na mkoba wake, na atafika kwao.