Shahidi Aliyejeruhiwa

Swali la kama mtu ndiye mjuzi wa mwisho wa hali ya nafsi yake huibuka kwa uzito pembeni mwa kiwanja cha shule mjini Morogoro, pale kijana aliyegongana vichwa na mwenzake anaponyanyuka, anajipangusa vumbi na kumwambia mwalimu wa michezo kwamba yuko sawa. Mtikisiko wa ubongo, yaani hitilafu ya muda katika utendaji wa ubongo inayoletwa na kishindo, mara nyingi hutokea bila majeruhi kupoteza fahamu, wala hauonekani katika picha za kawaida za hospitali. Hukumu hubaki kutegemea anayoyasema kijana na yanayotendwa na mwili wake.

Katika kipimo kimoja kinachotumika sana, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani, mchezaji hufumba macho, huweka mikono kiunoni na kusimama kwa sekunde 20 katika kila mkao: miguu pamoja, mguu mmoja, kisha mguu mmoja nyuma ya mwingine, kwanza kwenye sakafu ngumu na baadaye juu ya sponji, huku makosa yake yakihesabiwa. Msawazo, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, hutegemea taarifa za macho, za sikio la ndani na za misuli na viungo, ambazo ubongo huziunganisha. Macho yakifumbwa na ardhi ikilainishwa, ubongo hulazimika kuitegemea zaidi njia iliyobaki.

Mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037) alikwenda mbali zaidi kwa fikra tu, alipomwazia mtu aliyeumbwa papo hapo, ananing'inia hewani, macho yamefunikwa na viungo havigusani, akadai kwamba mtu huyo, ingawa hahisi chochote, angejua kuwa yupo. Sponji haiivunji hoja hiyo, lakini inaiwekea mpaka, kwa kuwa kujua kwamba upo si sawa na kujua ukoje, na akili anayoitumia kijana kujipima ni ile ile iliyotikiswa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania huiruhusu mahakama kumkataa shahidi ambaye maradhi ya mwili au ya akili yanamzuia kuelewa maswali na kuyajibu ipasavyo, na hakuna anayeona kwamba kwa kufanya hivyo imemwita mwongo.

Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, alipinga wazo la Descartes la akili kama kitu kinachojitegemea, akaiona kuwa ni uwezo wa kutenda. Mtazamo huo ukipanuliwa, hatua za kijana si dirisha la kuchungulia akili iliyojificha ndani, bali ni sehemu ya utendaji wake. Ndiyo maana kipimo cha kutembea kisigino kwa vidole juu ya mstari wa mita 3 hufichua mengi zaidi anapotakiwa pia kuhesabu kwa kurudi nyuma, saba baada ya saba.

Hata hivyo miguu nayo si malaika. Uchovu au kifundo kilichoteguka huweza kukisingizia kichwa, na viwango vingi vya kulinganishia vimetokana na vijana wa nchi nyingine. Kijana wa Kinole au Mgeta, aliyezoea tangu utotoni kushuka miteremko ya milima ya Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, huenda ana msawazo ambao hata ukipungua bado utaonekana wa kutosha kwa mizani ya wengine. Kwa hiyo haki inadai alinganishwe na yeye mwenyewe alivyokuwa mwanzoni mwa muhula, kazi inayohitaji chaki, saa na, kilicho adimu zaidi, mwalimu aliyepewa muda.

Mashahidi wawili wenye dosari hawawezi kumrudisha mtu uwanjani. Mwongozo wa kimataifa unataka anayeshukiwa tu kuwa na mtikisiko atolewe na asirudi siku hiyo. Uwezo wa kusimama imara mara nyingi hurejea baada ya siku chache, ilhali kutembea huku akifikiri huweza kubaki na kasoro kwa majuma. Mwalimu ana mamlaka ya kumzuia asicheze mpira katika majuma hayo, lakini ruhusa ya kuutua ule mkungu hutolewa nyumbani, na wanaoitoa kwa kawaida hawakuwapo uwanjani wala hawajaelezwa kilichotokea.