Je, Yafaa Kumdanganya Kijana Mgonjwa wa Akili?

Ndugu msomaji, Mafiga ni kata ya mji wa Morogoro, na jina lake ni la yale mawe matatu ya jikoni. Wahenga walisema: Mafiga mawili hayainjiki chungu. Methali hii yatufaa katika swali zito linalowafika wazazi wengi: Kijana wa miaka 14 au 15 anapopatwa na ugonjwa wa akili, hata ikabidi alazwe hospitalini, je, yafaa kumpeleka kwa hila?

Mara nyingine hufanyika hivi. Kijana halali usiku, husikia sauti wasizozisikia wengine, au husema kwamba ataka kufa. Jamaa hushauriana, kisha yeye huambiwa kuwa anakwenda kumsalimu shangazi yake Dodoma. Huko hujikuta wodini, na waliomleta wamekwisha ondoka. Wazazi hujitetea wakisema: "Tungemwambia kweli angekataa, nasi twataka apone."

Hoja hii ina sehemu ya haki. Kutafuta tiba ni wajibu, wala si upungufu wa imani. Ugonjwa wa akili si aibu ya ukoo, na wanaomfunga kijana kamba wakingojea pepo amtoke humzidishia mateso tu. Tena uhai ukiwa hatarini, mzazi aweza kuamua alazwe hata kama mwenyewe hataki.

Lakini kuamua bila ridhaa yake ni jambo moja, na kumdanganya ni jambo jingine kabisa. Imesimuliwa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo akimwahidi kitu. Mtume Mtukufu (s.a.w.) akamwuliza alikusudia kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Ndipo akamwonya kwamba kama asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Basi, ikiwa ahadi ya tende yahesabiwa, itakuwaje ahadi inayomwacha mtoto peke yake katika wodi ya wagonjwa?

Zaidi ya hayo, uongo huu huharibu tiba yenyewe. Kijana ambaye ugonjwa wamfanya adhani kwamba watu wote wanamlia njama, akidanganywa na mama yake, atapata ushahidi wa dhana yake. Naye atakaporudi nyumbani, ni mama yuyo huyo atakayempa vidonge kila siku. Je, atavipokea kwa moyo gani?

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na jambo hili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yamwajibisha mzazi kumpatia mtoto matibabu, na pia yampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Huenda mtu akauliza: "Basi tufanye nini?" Jibu ni kuwahi. Hospitali ya Mirembe huko Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi mgonjwa wa Morogoro alisafirishwa mbali na watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ikafanyiwa majaribio, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ili tiba ya akili ipatikane hata katika zahanati na vituo vya afya. Anayepelekwa mapema karibu na nyumbani huenda asihitaji kulazwa kabisa.

Na ikibidi alazwe, aambiwe waziwazi: "Mwanangu, unaumwa. Tunakwenda hospitali, nawe utalala huko. Jumamosi nitakuja kukuona." Kisha Jumamosi ifikapo, nenda. Akilia, mvumilie, kilio cha aliyeambiwa kweli hupoa upesi kuliko chuki ya aliyedanganywa.

Tabibu ni figa moja, mzazi ni la pili. La tatu ni kijana mwenyewe, na kwa hila tunaling'oa kwa mikono yetu. Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu, na atujalie kuwa wakweli kwao hata katika siku ngumu. Amin.